Pete ya Fundi wa Lifti

2 Februari

Wifi yangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunagombana. Ukipiga tu, wewe unaanza kulia, mimi naanza kufoka, halafu salio linakatika hata hatujasalimiana. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho, maana huna pa kudakia.

Jana wamekuja tena watu wa kamati ya mnara wa kumbukumbu. Safari hii kaja katibu mwenyewe, yule ninayemwita Bwana Utaratibu, kwa sababu ukimwomba hata maji ya kunywa atakwambia kuna utaratibu. Akakaa juu ya pazia la mteja nililotoka kulipiga pasi, akafungua mkoba, akasema mwezi ujao inatimia miaka miwili tangu kaka yako afie ndani ya ile ndege, na siku hiyo sanamu yake itazinduliwa kwenye uwanja wa ndege hapo mjini kwenu. Wanataka nihutubie. Wanataka na pete yake ya ndoa, iwekwe ndani ya kisanduku cha kioo chini ya sanamu, abiria waione wakipita na mabegi yao.

Nikamwuliza, sanamu ya nini? Akanitolea macho. "Mama, mumeo ni shujaa." Najua. Nimeshaambiwa na kila mtu, mpaka anayeniuzia nyuzi. Watekaji waliamuru watu wainamishe vichwa, watu wakainamisha. Walipotaka kuvunja mlango wa rubani, yeye akainuka akaenda kuuzuia, wakamchoma kisu, ndipo abiria wengine wakapata moyo wa kuwavamia. Ndege ikatua. Wote wakashuka isipokuwa yeye. Hadithi naijua, wifi. Swali langu ni moja na hakuna anayenijibu: kwa nini yeye? Ndege nzima ile, imejaa wanaume wenye vifua vyao, anayeinuka ni fundi wa lifti mwenye mgongo mbovu na mtoto mdogo nyumbani.

Na kuinuka si ndiko kunakoniuma. Kinachoniuma ni kwamba alivua pete kwanza. Akampa jirani wa kiti. Yule ofisa wa shirika la ndege aliyeniletea hiyo pete alinisomea maneno ya mume wangu amesimama wima, mikono nyuma: "Mpe mke wangu. Mwambie nampenda, kwaheri." Mtu akivua pete na kuaga, ana maana ameshaamua. Alikaa pale kwenye kiti, akatuweka mimi na mwanetu Mdadisi upande mmoja, wale wageni upande wa pili, akaona sisi tunaachika. Sasa nikapande jukwaani niwaambie watu nini? Nawashukuru kwa kunichukulia mume?

Mdadisi anakusalimu. Juzi ameniuliza kama baba alituaga sisi au alimuaga yule mtu wa kiti cha pili. Nimemwambia akaoge.

Wifi yako,
Wa mapazia

*

10 Februari

Wifi yangu mkali,

Barua yako nimeisoma dukani wateja wakiwa wamejaa. Miwani yangu ililowa, nikachukua ya mteja nikaendelea, mpaka mwenyewe akaniomba radhi kwamba anaihitaji.

Sasa wewe unamnunia marehemu? Umeanza kuwa na visa hata na watu waliolala? Mimi ni mdogo wake, nilimjua kabla yako. Tangu utotoni alikuwa vile. Mlango ukigoma, kufuli ikikataa, mtu akijifungia chooni, anaitwa kaka. Hakuwa na uwezo wa kukaa kitini wakati kitu kinaharibika mbele yake. Ulimpenda kwa hilo, usijifanye umesahau. Uliniambia mwenyewe kwamba mlikutana ulipokwama ndani ya lifti ya jengo la benki na yeye akakuzungumzisha kupitia mlangoni mpaka ukasahau kuogopa.

Wewe unaona alikuacha. Mimi naona alikufikiria wewe mwisho kabisa. Wanawake wangapi wamebahatika kuachiwa neno kama lile? Wengine wanaachiwa viatu tu mlangoni.

Nakuomba usikatae. Mnara utapendeza. Jiwe ni jeusi, lile linalong'aa, herufi za rangi ya dhahabu, na maneno yake ya mwisho yako katikati, chini kidogo ya viatu, mtu hawezi kupita bila kuyasoma. Na pete, kama inakuchoma roho hivyo, wape. Itakaa mahali pa heshima kuliko ndani ya kopo lako la vifungo.

Mbusu Mdadisi. Mwambie shangazi yake atamjibu maswali yote akija.

Wifi yako,
Wa miwani

*

17 Februari

Wifi,

Umejuaje kama jiwe ni jeusi?

Mimi niliye mke sijaonyeshwa jiwe. Sijaonyeshwa herufi. Sikujua kama sanamu ina viatu. Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikaona imepita salama, mara ya pili ndipo nikashtuka. Nikampigia Bwana Utaratibu. Akanijibu kwa furaha kabisa, "Mama, usiwe na wasiwasi, mwakilishi wa familia alishapitisha kila kitu. Dada wa marehemu."

Kumbe. Umekaa kwenye vikao vyao miezi yote hiyo, umekunywa chai yao, umechagua rangi, umepitisha maneno yachongwe kwenye jiwe, halafu unaniandikia barua ya kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti nakuomba usikatae. Nikatae nini wakati mmeshamaliza? Ungeniambia. Ningekasirika, ningekutukana, tungenuniana wiki moja yakaisha, kama kawaida yetu. Lakini umenizunguka. Unajua nimezungukwa na wangapi tangu afe? Magazeti, shirika la ndege, kamati. Kila mmoja ana kipande chake cha mume wangu, na kila mmoja anataka nikubaliane nacho. Nilidhani wewe uko upande wangu wa meza.

Basi, umeshinda. Leo asubuhi Bwana Utaratibu kaja na bahasha na karatasi ya kutia sahihi. Nimempa pete. Nilidhani nitalia. Nimerudi kwenye cherehani nikashona pazia la watu juu chini, maua yote yananing'inia vichwa chini, na nimekaa mchana kutwa nafumua.

Kwenye sherehe yenu siji. Na usiniandikie.

Mjane wa kaka yako

*

24 Februari

Wifi,

Najua umesema nisiandike. Msamaha nitaomba nikifika, kwa magoti, sakafu utachagua wewe. Leo soma tu.

Jana tulikuwa na kikao. Katikati ya ajenda ya viti vya wageni, mlango ukasukumwa, akaingia mama mmoja wa makamo, mlinzi anamfuata nyuma anamvuta kiwiko. Ni mwalimu wa udereva, na sauti yake imezoea kushindana na injini. Akasema, "Mimi ndiye niliyekaa naye kiti kwa kiti. Nimeshakuja hapa, nikarudishwa. Yale maneno mnayotaka kuyachonga hakuyasema." Bwana Utaratibu akamwambia, "Mama, maneno hayo yameshapita kwenye kikao." Yule mama akauliza, "Kwani kikao kilikuwa ndani ya ndege?"

Wakamtoa. Mimi nikaacha mkoba wangu mezani nikamfuata. Nikamkuta kwenye gari lake la kufundishia, ameshika usukani na gari limezimwa. Nikamwambia mimi ni dada wa marehemu. Akanifungulia mlango wa kiti cha mwanafunzi.

Hivi ndivyo alivyonieleza. Kaka alikaa kiti cha kando ya njia, yeye cha katikati. Vichwa vilikuwa chini. Watekaji wakang'oa mtungi wa kuzimia moto wakaanza kuupiga nao mlango wa rubani. Kaka akainua kichwa akawa anautazama ule mlango, anasema yule mama, kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwingine. Akanong'ona, "Komeo lile halitahimili." Akafungua mkanda. Akavua pete, akaiweka kwenye kiganja cha yule mama, akasema, "Nishikie, nakuja." Akainuka.

Nikamwuliza, ni hayo tu? Akasema ni hayo tu, na aliyasema kama mtu anayekwenda kunawa mikono. Mapenzi hayakutajwa. Kwaheri haikutajwa. Yule ofisa aliyekuja kuichukua pete ndiye aliyemwuliza maneno ya mwisho, na alipoyasikia akakunja uso, akasema hayo mafupi mno kwa mjane. Akaenda akaandika yake.

Kaka akafika pale mbele, akaegemeza mgongo kwenye mlango, miguu akaikaza kwenye kabati la pembeni. Wakawa wanampiga, naye anazungumza na marubani walio ndani, nyuma yake: "Msifungue. Mimi niko hapa nje." Akayarudia hayo mpaka watu wakainuka.

Mimi nimeshindwa kuelewa, wifi. Anayevua pete anaaga, lakini huyu hakuaga. Labda wewe unajua. Nimekaa vikao vyote hivyo na sikuwahi kuuliza nani aliyasikia yale maneno kwa masikio yake. Kama pete bado inaweza kurudi, idai.

Wifi yako

*

3 Machi

Wifi yangu,

Nilipofika kwenye "nishikie, nakuja" nilikuwa na pini mdomoni. Mdadisi ndiye aliyezitoa, moja moja, huku mimi nimekaa sakafuni.

Huelewi kwa sababu wewe hukuishi naye akiwa fundi. Fundi wa lifti hagusi kazi na pete kidoleni. Alipokuwa anajifunza, pete ya mwenzake ilinasa kwenye waya wa chuma, lifti ikashuka, kidole kikabaki juu. Tangu siku hiyo, kabla ya kushika kitu chochote, kaka yako alikuwa anavua pete na kumkabidhi aliye karibu. Mlinzi, karani, anayefagia ngazi, yeyote. Hakuiweka mfukoni kwa kuwa mifuko yake yote ilikuwa imetobolewa na bisibisi, na mimi mshonaji nimeishiba aibu hiyo. Nyumbani bomba likivuja, mshikaji ni mimi au Mdadisi, na Mdadisi alikuwa anaivaa kidole gumba, anakaa mlangoni kama askari. Na maneno yalikuwa hayo hayo siku zote. "Nishikie, nakuja."

Akimaliza, anakuja na mikono yote grisi, ananyoosha kidole nimvishe mimi, maana hataki kuichafua. Nilikuwa namwambia, wewe mwanamume, unanioa mara ngapi kwa wiki moja? Na hakuwahi kuisahau kwa mtu, wifi. Mwamvuli alisahau, mtoto alimsahau sokoni mara moja, pete hakuisahau.

Hakuaga. Alikuwa anakwenda kazini. Aliona mlango unataka kuvunjika akaenda kuushika, na alikuwa na nia ya kurudi kwenye kiti chake, achukue pete yake, aje nyumbani. Na hiyo "mimi niko hapa nje" ndiyo aliyoniambia mimi ndani ya lifti ya benki, siku ya kwanza, kabla hata sijaiona sura yake. Ndivyo alivyowaambia wote walionasa.

Miaka miwili nimemnunia. Nimelala kitandani nimempa mgongo mtu ambaye hayupo. Watu wakimsifu, mimi moyoni namsuta. Ofisa mmoja kaona maneno ni mafupi, kayarefusha, na mimi nikaishi ndani ya maneno ya ofisa. Nina hasira, wifi. Na sijui niimwage wapi.

Na pete ndiyo hiyo nimeshaitoa. Nimempigia Bwana Utaratibu, kasema imeshafika huko mjini. Nikamwambia nimeghairi, naitaka pete yangu. "Mama, ulitia sahihi, sasa ni mali ya umma." Nikamwambia maneno ya jiwe ni ya uongo. "Mama, jiwe limeshachongwa." Nikamwuliza, jiwe likichongwa uongo unakuwa kweli? Akasema nisubiri, ana simu nyingine.

Nenda wewe. Si wewe ndiye mwakilishi wa familia? Wakilisha sasa.

Wifi yako,
Wa mapazia

*

10 Machi

Wifi yangu,

Nimewakilisha mpaka visigino vimechanika. Nilikwenda kwa Bwana Utaratibu, akasema niandike ombi. Nikaandika palepale. Akasoma, akasema ombi la kitu cha marehemu lazima liidhinishwe na mwakilishi wa familia. Nikamwambia ndiye mimi. Akatafakari, akasema basi lisubiri kikao, na kikao kinachofuata ni baada ya uzinduzi. Nikamleta mwalimu wa udereva ashuhudie. Akaambiwa ushahidi wake ni mzuri sana, utatumika kwenye kumbukumbu ya miaka mitano. Yule mama alitukana tusi moja ambalo nadhani huwatunzia wanafunzi wanaopita taa nyekundu.

Kuhusu jiwe nimeshindwa. Lina urefu wa mtu na limeshapigwa saruji.

Lakini pete nimeiona. Nimeomba kwenda kukagua, kama mwakilishi. Kisanduku kiko chini ya viatu vya sanamu, na kioo kimeshikwa kwenye pembe na skrubu ndogo. Nikainama. Wifi, ni skrubu za miwani kabisa. Mimi nashinda nazo kutwa, naweza kuzifungua nimefumba macho.

Mwambie Bwana Utaratibu umebadili nia, utahutubia. Atafurahi mpaka asiulize kitu. Halafu mwambie kabla ya wageni kufika familia inaomba kukaa na sanamu faraghani, inatosha muda wa sala fupi. Njoo na kitu cha duara, cha njano, kisicho na kazi. Zaidi ya hapo siandiki.

Wifi yako,
Wa miwani

*

24 Machi

Wifi yangu,

Tumefika salama. Basi liliharibika njiani, Mdadisi akamweleza dereva kwamba baba yake angelitengeneza, na dereva akajibu bila kujua, "Basi mwite aje." Mtoto akacheka. Mimi pia.

Kule nyuma ulikokaa na mwalimu wa udereva hukuona mambo mawili matatu, ndiyo maana nakuandikia.

Hukuuona uso wa mgeni rasmi. Mimi nilikuwa hatua moja tu kutoka kwake. Aliposema "pete hii, ndugu zangu, ni pete ya upendo wa taifa," aliweka kiganja juu ya kioo, akafumba macho, na machozi yakamtoka kweli, si ya kuigiza. Machozi hayo, wifi, yalimwagikia pete ya pazia la dirisha la choo changu. Nilijifunika uso na leso. Waandishi wakapiga picha ya mjane analia. Nimeiona gazetini leo, imependeza.

Ila cheko lilinikatikia pale pale, maana nilipoondoa leso nikajikuta nalitazama jiwe. "Mpe mke wangu." Herufi za dhahabu. Yatasomwa na watu wasio na idadi, na wajukuu wa Mdadisi watayasoma, na sina la kufanya.

Nilijaribu, umesikia mwenyewe. Nilianza vizuri: "Mume wangu alikuwa anarudi nyumbani. Maneno haya hakuyasema." Kumbe Bwana Utaratibu alikuwa amesimama nyuma ya jukwaa. Akakishika kipaza sauti kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akasema tumshukuru mama, amezidiwa na uchungu, na muziki ukaanza. Watu wakanipigia makofi. Nimepigiwa makofi kwa kunyamazishwa.

Kwako sina kinyongo tena. Ulipokuwa umepiga magoti mbele ya sanamu na bisibisi yako, unalaani kimya kimya ile skrubu ya mwisho, na mimi nimetanua mtandio kukukinga na macho ya mlinzi, nilisema moyoni huo msamaha wa magoti umeshafika. Na sakafu nilikuchagulia nzuri, ya marumaru.

Jana Mdadisi kaniuliza tena lile swali lake. Baba alimuaga nani? Sikumpeleka kuoga. Nimemwambia baba hakumuaga mtu, alisema anakuja. Akauliza, mbona hajaja? Nikamwambia ile kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Halafu akanyoosha mkono, nikampa pete, akaivaa kidole gumba kama zamani, akaenda kukaa mlangoni.

Tumekubaliana zamu. Mchana anaishika yeye, usiku naishika mimi.

Wifi yako,
Wa mapazia